Michezo ya Kikorea napata zote, lakini kusoma nashindwa

Jioni_Ntinda:
Wadau, naomba msaada. Najifunza Kikorea peke yangu hapa Kampala, wiki ya tatu sasa, dakika 40 kila jioni kwenye simu. Michezo ya kulinganisha herufi na sauti naimaliza bila kukosa. Ila nikiona 감사합니다 (asante) bila herufi za kwetu chini yake nakwama, na nikiambiwa niiandike ndiyo kabisa. Halafu ㄷ, ㅌ na ㄸ zote nasikia "t" tu. Nakosea wapi? Bando langu ni dogo, video ndefu siziwezi.

Fundi_Silabi:
Tatizo ni mchezo, ssebo. Ukiwekewa majibu manne uchague moja, jicho linatambua, mkono na ulimi vimekaa bure. Geuza: sikia sauti, andika.

Hangul, yaani herufi za Kikorea, ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi. Pamoja na za kuunganisha zinafika 40. Kata manila vipande vya sentimita 5 hivi, herufi moja kila kipande, ujenge silabi mezani. ㄱ juu kushoto, ㅏ kulia kwake, ㅇ chini: 강. Irabu ya kulala kama ㅗ huwekwa chini ya konsonanti: 고. Kadi ya ㅇ ndiyo inayochanganya wengi: ikianza silabi ni bubu, ikiwa chini ni ng' ya ng'ombe.

Na hizo herufi za kwetu zifute leo. Msomaji wa Kiswahili akiona "eo" anatamka e-o, Seoul inakuwa Se-o-ul. ㅓ ni irabu moja: sema "o" bila kuviringa midomo.

Hiyo 감사합니다 ina mtego wake. Imeandikwa hap-ni-da, inatamkwa ham-ni-da, maana ㅂ ikifuatwa na ㄴ hugeuka m. Ukiisoma herufi kwa herufi hutaitambua ukiisikia.

Nyabo_wa_Jinja:
Kwa ㄷ ㅌ ㄸ, shika karatasi nyepesi mbele ya mdomo. 탈 (kinyago) inaipeperusha, 달 (mwezi) inaitikisa kidogo, 딸 (binti) haiigusi. Anayejua Luganda ana pa kuanzia: okuta (kuachia) na okutta (kuua). Ile tt iko karibu na ㄸ, ila Kikorea kinataka koo likazwe, si sauti irefushwe tu.

Hata ㄹ isikutishe. Luganda huandika r baada ya e na i, kwingine l. Kwa Wakorea pia ni sauti moja yenye sura mbili. Katikati ya irabu r, 나라 (nchi). Mwisho wa silabi l, 물 (maji).

Jioni_Ntinda:
Asante nyabo, karatasi imesema kweli. Sasa michezo ya kucheza na mwenzangu, bila bando?

Kadi_na_Makofi:
Miwili inatosha. Wa kwanza ni 369: mnahesabu kwa zamu, il, i (moja, mbili), halafu kwenye 3 unapiga kofi badala ya kusema. Hivyo hivyo kila namba yenye 3, 6 au 9. 33 ni makofi mawili. Uchezeni polepole mpaka 40, kasi ije baadaye.

369 inafundisha hesabu moja tu, na Kikorea kina mbili. Kwenye saa zinachanganywa: saa kwa hana, dul, set (nazo ni moja, mbili, tatu), dakika kwa il, i, sam. 세 시 십오 분 ni 3:15, yaani saa tisa na robo kwetu. Ukitafsiri "se" (ile set ikifupishwa) ukasema saa tatu, umechelewa au umewahi kwa saa sita!

Wa pili ni 끝말잇기, kuunganisha maneno: silabi ya mwisho ndiyo inaanza neno linalofuata. 나무 (mti), 무지개 (upinde wa mvua), 개미 (siafu, sisimizi, wote humo), 미소 (tabasamu). Anayeanza hana maneno ya kutosha, kwa hiyo ruhusuni daftari, na kila neno liandikwe kabla ya kutamkwa.

Kadi za kurudia weka kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri. Sauti zikishapakuliwa hazili bando. Mpya 10 kwa siku, basi. Ukiweka 30, marudio ya wiki ijayo yatakumeza dakika zote 40.

Fundi_Silabi:
Na washa kibodi ya Kikorea kwenye simu. Konsonanti ziko kushoto, irabu kulia, na silabi inajijenga yenyewe ukiandika kwa mpangilio sahihi.