Mnaowasha makaa ya shisha chumbani, madirisha mmefunga na AC inaunguruma: mnataka kutuua?

Wakuu, salaam. Mnaokaa Dubai, hasa nyinyi wenzangu wa vyumba vya kupanga kitanda Deira na Satwa, uzi huu ni wenu. Kichwa bado kinanigonga na hasira ninazo, kwa hiyo nikiteleza lugha mnistahimilie.

Tunaishi sita chumba kimoja: Wazanzibari wawili, Wakenya watatu na Mganda mmoja. Vitanda vya dabodeka, AC moja, dirisha moja lililobandikwa karatasi za kung'aa kuzuia jua. Agosti hii, saa nne usiku nje bado joto kama tanuri, nani atafungua dirisha?

Sasa mwenzetu mmoja kanunua shisha. Sina ugomvi na shisha yenyewe, mimi navuta pia. Ugomvi wangu ni na mtu anayejiita fundi wakati hajui hata anachokishika. Maji kajaza mpaka karibu na tundu la mpira wa kuvutia, ukivuta yanakuja mdomoni. Ncha ya bomba inatakiwa izame sentimita mbili tatu tu, basi! Tumbaku kaishindilia kwenye kichwa, kile kibakuli cha juu, kama anajaza gunia la karafuu, imegusana na karatasi ya foili, inaungua badala ya kuiva. Halafu inavuja. Nikamwambia, kaka, ziba kichwa kwa kiganja uvute. Ukipata hewa, kuna mpira wa kuzibia haujakaa sawa. Akanijibu, "Wewe vuta kwa nguvu tu." Ndiyo ufundi huo!

Babu yangu Unguja alikuwa na kiko cha maji cha kizamani. Kila kipande alikijua kwa jina: bori la kutilia tumbaku, digali linaloshuka majini, kiko chenyewe cha maji, shilamu ya kuvutia. Hata ule mlio wa maji una jina lake, malio ya kiko. Malio yakibadilika tu alijua pana kasoro. Na alivutia barazani, upepo wa bahari unapita. Hakuvutia mvunguni mwa kitanda cha mtu aliyelala.

Tatizo lenyewe ni makaa. Jamaa anatumia yale ya duara yanayoshika moto kwa kiberiti, yaliyopakwa dawa, yanatoa cheche na harufu ya baruti. Hasubiri dawa iishe kuungua, anabandika juu ya foili palepale. Akiishiwa anachukua ya vifuu vya nazi, anayaweka kwenye jiko la umeme chumbani humo humo, na akiyaona mekundu upande mmoja anayatoa. Yanatakiwa yawake pande zote mpaka yavae jivu, na yawashiwe penye hewa!

Usiku wa kuamkia Jumapili walikaa wanne wakivuta tangu saa tatu. Mimi nilikuwa nimetoka kazini hoi, nikalala kitanda cha juu. Saa nane nikaamka natapika, kichwa kama kinapasuliwa kwa shoka, miguu haina nguvu. Nikamwita Mganda wa kitanda cha pili. Kimya. Nikamtikisa, anafumbua macho na kuyafunga tena. Tukamburuta mpaka kwenye korido, na mwenye shisha naye anayumba, anasema eti pilau la jana lilichacha.

Zahanati, daktari aliuliza swali moja tu: "Mliwasha mkaa ndani?" Tukavishwa barakoa za oksijeni. Ni kaboni monoksaidi, wakuu. Haina rangi wala harufu; ile harufu ya ladha za tofaa mbili na mnanaa mnayoisikia ni ya tumbaku. Hii gesi inaingia kwenye damu na kung'ang'ania pale oksijeni inapokaa, tena inashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. AC za ukutani hizi hazileti hewa mpya, zinazungusha ileile. Mnapoozeshewa sumu.

Nikamwambia mwenye shisha. Unajua alichojibu? "Si maji yanachuja?" Maji yanapoza moshi, bwana! Shirika la Afya Duniani limesema tangu 2005 kwamba moshi ukishapita kwenye maji bado umebeba sumu tele. Na hiyo gesi ya mkaa maji yataizuia kwa lipi?

Najua wengi wenu mmejifunzia huku, maana Tanzania Bara shisha ilipigwa marufuku 2016 na Kenya Desemba 2017. Basi nendeni mkahawani mkakae nje, yupo kijana anayejua kupanga makaa pembeni mwa kichwa na kuyageuza. Kuliko kumfanya mwenzako wa kitanda cha juu awe kichujio.

Dirhamu 280 za zahanati nimelipa mimi. Nimemdai nusu, kaninunia. Mwenye nyumba nimemlalamikia, kasema yeye kodi inaingia, mengine tuyamalize wenyewe.

Leo jioni nimerudi, nimefungua mlango, jiko la umeme lipo sakafuni limewashwa na juu yake makaa matatu. Nimechukua godoro, niko korido naandika hapa. Mwenye nafasi ya kitanda, Satwa au Al Quoz, isiyozidi dirhamu 700 kwa mwezi na isiyo na shisha ndani, anitumie ujumbe usiku huu huu.