Mrejesho: warantii ya nyongeza ya Camry haibridi

Wakuu, asanteni kwa ushauri. Niliuliza kama nilipie warantii ya nyongeza ya Toyota Camry haibridi (ya petroli na umeme) ya 2021, gari lililotumika, hapa Marekani. Sijaichukua.

Warantii ya kiwanda kwa injini na giaboksi (miaka 5 au maili 60,000) inaelekea ukingoni, lakini betri kubwa ya haibridi, ambayo ndiyo hofu ya wengi, inalindwa miaka 10 au maili 150,000. Huhesabiwa tangu gari lilipouzwa mara ya kwanza, na humfuata mnunuzi wa pili.

Mkataba wa nyongeza ulitaja vipuri kimoja kimoja, kisichotajwa unajilipia. Mchango wako kwenye gharama ya matengenezo unatozwa kwa kila tatizo, si kwa kila safari ya gereji: pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi (AC) zikifa pamoja, unalipa mara mbili. Na bei yake wauzaji walishaichomeka kwenye mkopo wa gari, kwa hiyo ingezaa riba!

Chujio la feni ya betri, chini ya kiti cha nyuma, lisafishwe. Likiziba betri huchemka. Oili badilisheni popote bila kupoteza warantii ya kiwanda, sheria ya Marekani ya warantii, Magnuson-Moss ya 1975, inaruhusu, ila risiti ionyeshe tarehe na maili.