Kodi ya jengo kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla): mpangaji alipe kwa nini?

Mpangaji wa Sakina: Wakuu, jana nimenunua umeme wa elfu 10. Badala ya uniti 28 nilizozoea nimepata 23.8, imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Nyumba si yangu, hata msumari siwezi kugongea ukutani bila ruhusa. Nikimwomba mama mwenye nyumba anipunguzie kwenye pango, ananijibu "si wewe unayetumia mita?" Hii ni haki?

Mzee wa Njiro: Kijana, buku jero ndiyo inakutoa machozi? Wapangaji mnapikia umeme, halafu uniti zikiisha mnatafuta mchawi. Mmoja hapa kwangu alikuwa anachemsha makande kwa koili toka saa nne mpaka saa kumi.

Mama wa Pasua: Shikamoo baba. Hapo kwenye kupikia umeme umenigusa. Jumapili nilisoma mita kabla ya kuweka maharage kwenye presha ya umeme: 14.6. Yalipoiva, 14.2. Hiyo haifiki hata shilingi 150. Nionyesheni mkaa wa bei hiyo Moshi hii. Msitutishe na mambo ya zamani.

Mzee wa Njiro: Marahaba mwanangu. Presha sawa, mimi nimesema koili.

Fundi Soweto: Mnagombania sufuria! Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi anastahili D1, daraja la bei ya watumiaji wadogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya tozo. Vyumba sita mkichangia mita moja mnazivuka, mnaangukia T1, daraja la kawaida, shilingi 292 kwa uniti, halafu juu yake VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3%, EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%. Maskini wa chumba kimoja analipa bei ya mwenye friji tatu. Hilo ndilo linaniuma.

Mpangaji wa Sakina: Fundi asante, ila mimi nimeuliza kodi ya jengo. Jengo lina mwenyewe.

Mzee wa Njiro: Hapo nakuunga mkono. Wangu nawarudishia 1,500 yao kila mwezi kwenye pango.

Mama wa Pasua: Baba, ile koili ilikuwa wati ngapi?

Mzee wa Njiro: 1,000. Saa sita, uniti sita. Zaidi ya elfu 2 kwa sufuria moja!

Fundi Soweto: Na hao wapangaji wako wana submita, mita ndogo ya kila chumba?

Mzee wa Njiro: Hawana. Wanachanga kwa vichwa.

Mpangaji wa Sakina: Kumbe makande ya mmoja wamelipa wote.