Boya lipo miguuni, abiria havai: ni kichwa chake au ni macho ya watu?

MamaDagaa_Kirumba:
Habarini wana jukwaa. Jioni nasoma diploma ya maendeleo ya jamii, mchana nipo mwaloni Kirumba, Mwanza, na dagaa zangu. Mwalimu ametupa kazi: kila mtu achague tabia anayoiona kila siku, aieleze kwa mtazamo wa kijamii na kwa mtazamo wa utambuzi, yaani namna akili inavyofikiri. Mimi nimechagua abiria wa mitumbwi ya injini na maboya wasiyoyavaa.

Nikifuata dagaa visiwani, Ziwa Victoria, nayakuta yamerundikwa chini ya ubao wa kukalia, rangi ya chungwa, mengine kamba zimekatika. Abiria anaingia, anayasukuma kwa mguu, anaweka mfuko wake wa sukari juu yake, anakaa. Tukifika katikati mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, kila mtu anamtazama mwenzake na hakuna anayeinama kuchukua. Watu haohao ukiwauliza nchi kavu watakwambia ziwa si la kuchezea. Wapo waliozika ndugu zao MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Sasa hofu hiyo inakwenda wapi wakishakaa? Wenzangu darasani wanasema ni ubishi wa watu wa visiwani. Mimi sikubali, ila hoja ya kuwapinga sina. Naombeni msaada, na msinipe maelezo ya daftari matupu.

Mwl_Malimbe:
Mama, anzia hapo uliposema kila mtu anamtazama mwenzake. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley, kule New York, waliwaketisha wanafunzi wa chuo chumbani wajaze fomu, kisha wakapitisha moshi kwenye tundu la ukutani. Waliokaa peke yao, 18 kati ya 24 walitoka kwenda kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa wakae kimya kana kwamba hawaoni kitu, alitoka 1 tu kati ya 10. Wale tisa walikohoa, wakapikicha macho, wakapunga moshi usoni, wakaendelea kujaza fomu.

Na hapa ndipo nataka uandike kwa wino mzito: walipoulizwa baadaye, hawakusema waliogopa moto wakaona haya. Walisema walidhani ni mvuke, au hewa ya kiyoyozi. Kimya cha wale wawili kiliwazuia kutoka, na kiliwabadilishia hata maana ya kile walichokiona kwa macho yao. Ndiyo maana napenda kazi hii uliyopewa. Vitabu hutenganisha sura ya jamii na sura ya utambuzi, lakini ndani ya kichwa cha abiria wako mambo hayo mawili hayakai mbalimbali. Ana wasiwasi, uso ameukaza. Anasoma nyuso za wenzake, nazo zimekazwa vilevile. Anahitimisha: kumbe mawimbi haya ni ya kawaida.

Upande wa utambuzi ongeza na hili. Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba mtu hukadiria uwezekano wa jambo kwa kuangalia mifano yake inamjia kichwani kwa wepesi kiasi gani. MV Nyerere ilipozama tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, mfano ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Redio ziliponyamaza, mfano ukarudi nyuma, zikabaki safari za kila siku zilizofika salama. Ziwa ni lilelile.

Kuhusu "ubishi": hilo ni kosa lenye jina, kwa Kiingereza "fundamental attribution error", na Lee Ross ndiye aliyelipa jina hilo mwaka 1977. Tukimwona mwingine akitenda, tunakimbilia tabia yake na kusahau mazingira yaliyomzunguka. Miaka kumi kabla, Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumsifu au kumpinga Fidel Castro. Hata walipoambiwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kutetea, wasomaji bado walimdhania ana msimamo huo moyoni. Wenzako darasani wanamsoma mtu wa kisiwani hivyohivyo.

Nahodha_Kome:
Shikamoo mwalimu. Nimeyasoma, lakini mama aandike pia tunayoyaona sisi tunaoshika injini. Boya limelowa tangu juzi, linanuka sangara. Mama amevaa kitenge cha kwenda msibani, unamwambia alifunge kifuani? Halafu siku nyingine abiria ni wengi kuliko maboya. Wanne wa kwanza wakivaa, wanaobaki wanajiona wameachwa wafe. Bora wote wakae hivihivi. Usiite hiyo akili wala macho ya watu, ni maboya machache na machafu.

Na mzee mmoja akivaa peke yake, vijana wa nyuma wanamwambia, "Babu, umeshaanza kuzama?" Hiyo nimeisikia kwenye chombo changu mwenyewe.

Mwl_Malimbe:
Marahaba. Nakubaliana nawe: bila boya kavu na la kutosha, saikolojia haina kazi humo. Mama, liweke hili mwanzoni kabisa mwa kazi yako.

Ila huyo babu ni muhimu. Solomon Asch, miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi. Waliokaa na mhusika, waliopangwa na Asch, wakataja kwa pamoja jibu la uongo, na mhusika akawafuata karibu theluthi ya nyakati. Lakini akiwepo mtu mmoja tu anayesema kweli, kufuata mkumbo kulishuka hadi karibu robo ya kule kwa mwanzo. Babu alikosa huyo mmoja.

Kijana_Buhongwa:
Samahani mwalimu, hao wote ni wanafunzi wa Marekani. Sisi huku tuna heshima ya mkubwa, tuna undugu. Yanatuhusu?

Mwl_Malimbe:
Ni haki yako kuuliza. Mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina ya Asch kutoka nchi 17. Waliona watu wa jamii zinazotanguliza kundi walifuata wenzao zaidi kuliko wale wa jamii zinazomtanguliza mtu binafsi. Kwa hiyo heshima unayoisema inaongeza uzito wa macho ya watu. Na mkubwa akivaa kwanza, uzito huohuo unamfuata yeye.

MamaDagaa_Kirumba:
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Nimelifuta neno ubishi kwenye rasimu yangu, na nitaanza na hali ya maboya yenyewe kama nahodha alivyosema. Kaka nahodha, nikuulize: ukiyagawa mwaloni kabla ya kuwasha injini, watu wanakataa?

Nahodha_Kome:
Nikimpa mtu mkononi kabla hajakaa, anavaa. Nikimwambia "yapo hapo chini, chukueni", hakuna anayegusa. Namwanza mama mtu mzima aliyekaa mbele, namfungia kamba mwenyewe, kisha nampa wa pili yake. Nauli nakusanya baada ya hapo.