Tupeane uzoefu: kazini kwenu mlitunzana vipi wakati wa korona, kila mtu akiwa kwake?

Mwanzisha uzi, Nakuru
Salaam wanajamvi. Nilikuwa idara ya wafanyakazi kwenye taasisi ya mikopo yenye matawi kuanzia Kisumu hadi Mombasa. Tarehe 6 Aprili 2020 Nairobi ilipofungwa, na siku mbili baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi, tulikuwa na watu waliokwama mbali na familia zao. Makao makuu yakaanzisha mazoezi ya viungo kwa video kila Ijumaa. Waliokuwa nyumbani na bando walifurahia, lakini keshia aliyeshinda dirishani akihesabu noti za watu hakuyaona.

Kilichosaidia matawini ni kufunga saa tisa. Kafyu ilikuwa saa moja, na matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, kwa hiyo nauli ilipanda na stendi zilijaa. La pili ni kumpigia kila mfanyakazi simu, mmoja mmoja, bila kugusia habari za marejesho. Mameneja walilalamika kwamba tunapoteza muda. Watu walilia kwenye simu hizo. Ndipo tukajua nani analala stoo ya ofisi na nani mumewe amefutwa kazi.

Kwenu ilikuwaje?

Dereva wa masafa
Mimi nilikuwa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, foleni ya malori haina mwisho, tunasubiri majibu ya vipimo. Joto la kebini unalizoea. Kilichouma ni mama wa kibandani niliyekula kwake miaka yote kuniambia niweke pesa chini, asinishike mkono. Tajiri wetu alituma hela ya chakula kwa simu asubuhi kabla hatujaomba, na alimpigia mke wangu yeye mwenyewe kumweleza nilipo. Mungu ambariki.

Askari wa lindo, Mombasa
Baada ya polisi kupiga watu na kuwarushia gesi ya machozi Likoni feri siku ya kwanza ya kafyu, 27 Machi, hakuna aliyetaka kukutwa njiani, hata mwenye barua ya kazi. Kampuni ikasogeza kupokezana zamu kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi. Usiku ulirefuka, ila saa za ziada walilipa.

Mdau wa utalii, Arusha
Huku ndege za kimataifa zilisimamishwa Aprili, wageni wakaisha, tukarudi vijijini bila mshahara. Bosi hakuwa na kitu, lakini aliendelea kulipia bima ya afya. Mwanangu alilazwa mwezi wa sita, kadi ikasoma.

Mwanzisha uzi
Mkuu wa Arusha, hiyo ya bima ni kubwa sana. Kwetu waliosimamishwa walikatwa bima mwezi uleule. Nililipinga kikaoni, sikusikilizwa, na hadi leo linanikera. Wa mashamba ya maua Naivasha mpo? Mliokuwa mnaishi kambini pamoja, aliyeugua mlimtenga wapi, na chakula alipelekewa na nani?