Mheshimiwa Waziri, utepe tumeshachoka nao. Pemba tunataka bei ya mwani!

Assalaam alaykum wanajamvi,

Nimekasirika na sitaki kuficha. Kila waziri mwenye dhamana ya bahari au biashara akivuka kuja Pemba, habari ni ile ile: kakata utepe, kapiga picha na akina mama wa mwani, kaahidi neema, karudi Unguja. Jioni redioni tunaambiwa uchumi wa Pemba unapaa. Unapaa wapi? Njooni Micheweni mtuoneshe.

Mama zangu wadogo wanalima mwani. Bamvua likifika wanashuka pwani maji yakipwa, wanainama kutwa nzima wanafunga mbegu kwenye kamba, moja moja kwa taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia. Wiki 6 baadaye ndiyo wavune, waanike, waombe Mungu mvua isinyeshe, maana mwani ukirowa unapauka na bei inashuka. Halafu anakuja mnunuzi na mizani yake na bei yake. Ukisema hiyo bei sitaki, kamba na taitai kakupa yeye. Utamuuzia nani mwengine? Karibu asilimia 80 ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake, na kazi hii ipo tangu 1989. Miaka yote hiyo, na kule kwetu bado anayepanga bei ni mtu mmoja aliyesimama ufukweni na daftari!

Wala msiniambie haiwezekani. Mwaka 2011 Serikali hii hii ya Mapinduzi iliamua mkulima wa karafuu alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na kilo ikafika shilingi 15,000. Watu Pemba walijenga nyumba za matofali, wakasomesha, hata magendo ya kuvusha karafuu Kenya yakapungua. Alikaa mtu ofisini akaamua, basi. Kwa nini karafuu iweze na mwani usiweze? Au kwa sababu karafuu ina baba na mwani una mama?

Tena hapa hatuna wa kumsingizia. Kilimo na uvuvi si mambo ya Muungano. Hakuna wa Dodoma wa kulaumiwa, ni letu wenyewe.

Jambo jengine linaloniuma ni hili la kotonii. Ule ndio mwani wenye bei, lakini unakufa kwa sababu maji ya pwani yamekuwa moto. Umebaki spinosamu, unavumilia joto lakini bei yake ya kutupa. Wataalamu wanasema kotonii ipelekwe kina kirefu. Sawa, ila kule kunataka boti na kujua kuogelea. Mwanamke wa miaka 55 ambaye hajawahi kuvuka maji ya kifuani, nani kamfikiria? Boti moja kwa kikundi na mafunzo ya kuogelea ni gharama ya semina ngapi za hotelini?

Na eneo huru la uchumi la Micheweni, lililotengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990? Waliozaliwa miaka ile sasa wana watoto wao, na wengi wameshahama, wako Unguja, Tanga, Dar, wanatafuta kazi ambazo tuliambiwa zinakuja hapa hapa.

Ninachodai kwa Waziri ni kidogo. Atangaze bei ya chini ya kilo ya mwani mkavu, kwa daraja, kabla ya msimu, na mnunuzi asiyeifuata anyang'anywe kibali. Mizani ikaguliwe. Kamba zipatikane kwa mkopo nafuu ili mkulima auze kwa anayemtaka. Akija tena Pemba aje na karatasi yenye bei hiyo, mkasi auache nyumbani.

Walio Makangale, Fundo, Kisiwa Panza na Tumbe, andikeni hapa chini kilo mnauza kwa bei gani na nani aliipanga. Msiogope, majina hatuyataki. Nitazikusanya zote nizipeleke kwa mwakilishi wetu kwa mkono wangu.