Kiongozi hupangaje mkakati asipojua yote?

Mwanagenzi: Ndugu zangu, ninasoma kuhusu mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962, Wasovieti walipoweka makombora ya nyuklia kisiwani humo, na jambo moja linanitatiza: Rais Kennedy wa Marekani aliwezaje kuamua ilhali hakuijua nia ya Khrushchev, kiongozi wa Muungano wa Sovieti, wala silaha zote zilizokuwa kisiwani?

Msomaji: Ndugu Mwanagenzi, nadhani jibu limo katika namna alivyoendesha mjadala. Baada ya aibu ya Ghuba ya Nguruwe mwaka 1961, yaani uvamizi wa Cuba ulioungwa mkono na Marekani ukashindwa, safari hii aliunda kamati iliyopima shambulio la anga, uvamizi na kizuizi cha baharini, na mara nyingine hakuhudhuria vikao ili washauri waseme bila kumtazama usoni. Kizuizi kilichaguliwa kwa kuwa kiliacha nafasi ya kuongeza shinikizo au kulipunguza, ilhali bomu likishadondoshwa halirudi.

Nahodha: Ninakubali, ila tusimpambe kupita kiasi. Wamarekani hawakujua kwamba Wasovieti walikwisha kufikisha Cuba silaha ndogo za nyuklia za kutumiwa vitani, kwa hiyo uvamizi ambao baadhi ya majenerali waliushabikia ungeweza kuleta maangamizi. Bahati nayo ilikuwa na fungu lake, tena si dogo.

Mwanagenzi: Na makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki?

Msomaji: Ahadi ya kuyaondoa ilitolewa kwa siri, ili Khrushchev apate njia ya kurudi nyuma, na ilifichwa hata kwa baadhi ya wajumbe wa kamati ile ile.